Mswada Upi Upande Jukwaani?

Kikundi cha maigizo cha ridhaa nchini Marekani au Uingereza kikitangaza kwamba kinatafuta tamthilia fupi, miswada humiminika. Mara nyingi mtunzi hutakiwa asiandike jina lake kwenye kurasa, ili wasomaji wasije wakampendelea rafiki. Kamati hugawana mzigo, hutoa alama, kisha ile michache iliyobaki husomwa kwa sauti, kila mtu na mhusika wake. Hapo ndipo mbivu na mbichi hujulikana. Utani uliochekesha kwenye karatasi hufa mdomoni, na mazungumzo yaliyoonekana makavu hupata uhai.

Hata hivyo, uzuri wa maneno si hoja ya kwanza. Kamati huanza kwa kuhesabu. Vikundi vingi vya ridhaa vina wanawake wengi kuliko wanaume, kwa hiyo tamthilia ya askari tisa huwekwa kando, hata iwe tamu namna gani. Jioni moja ikibeba tamthilia sita za dakika kumi kumi, seti nzito ni balaa. Yapendwa mambo ya meza na viti viwili. Mashindano nayo yana saa yake: yale ya AACT, chama cha maigizo ya ridhaa cha Marekani, huruhusu dakika 60 za kuigiza, 10 za kupanga jukwaa na 10 za kuondoa vitu. Halafu kuna mrabaha, unaolipwa kwa kila onyesho. Kikundi kilichonunua kitabu dukani hakijanunua ruhusa ya kuigiza.

Tamthilia ya Susan Glaspell, Trifles, hupita karibu vikwazo vyote hivyo: wanaume watatu, wanawake wawili, jiko moja la shambani, na mhusika anayezungumzwa kuliko wote haonekani kabisa. Haidai mrabaha tena.

Ajabu ni kwamba ilichaguliwa kabla haijaandikwa. Mwaka 1916, huko Provincetown, Massachusetts, wasanii waliigiza katika banda kuukuu la samaki juu ya gati. George Cram Cook, mume wa Glaspell, alitangaza kwamba onyesho linalofuata litakuwa na tamthilia ya mkewe. Mkewe hakuwa nayo. Basi Glaspell akaenda kuketi peke yake mbele ya jukwaa tupu, akalitazama hadi likageuka jiko, akakumbuka kesi ya mauaji aliyowahi kuiripoti Iowa alipokuwa mwandishi wa habari. Agosti ikaigizwa. Miezi hiyo hiyo wasanii hao waliandika katiba ya kikundi chao: mswada usomwe mbele ya wanachama, nao wapige kura. Bahati yao, kwani Eugene O'Neill, mtunzi ambaye wakati huo hakujulikana lakini baadaye angevuma, alikuwa miongoni mwao.

Tanzania imewahi kwenda mbali zaidi. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakupeleka mswada wowote. Wanakijiji walijadili kwanza yanayowasumbua, mimba za wasichana zikiwamo, ndipo igizo likatungwa pamoja nao kwa ngoma wanazozijua. Kilichochaguliwa pale ni tatizo, na wachaguzi walikuwa wenye tatizo lenyewe, wakiwamo wasiowahi kushika mswada mkononi.