Kwa miguu katika mji wa Leuven

Jina la Lovanium twalijua sote. Universite ile ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1954, ilipewa jina la mama yake, universite ya Leuven katika Ubelgiji, iliyoanzishwa kwa ruhusa ya Papa Martino V mwaka 1425.

Mji wenyewe si mkubwa, siku moja yatosha kuuzunguka kwa miguu. Kutoka stasioni ya gari la moshi tulishika njia nyoofu mpaka Kanisa la Mtakatifu Petro, kisha tukafika penye nyumba ya vitabu. Hapo tulisimama sana. Askari Wajerumani waliichoma Agosti 1914. Ikajengwa mpya kwa mali ya Waamerika. Ikaungua tena Mei 1940. Kila mara vitabu vilikusanywa upya. Lakini mwaka 1968 ugomvi wa lugha, Kiflama na Kifaransa, uliipasua universite, nao wote walikuwa Wakatoliki! Hata vitabu viligawanywa, vingine vikahamia Louvain-la-Neuve, mji mpya kabisa. Moto haukuweza kufanya hivyo.

Jioni tulishuka kaburini kwa Mtakatifu Damiano, padri wa wakoma wa Molokai, aliyerudishwa huku mwaka 1936. Atakayepita Leuven asiache kusali pale.