Maji ya Mto Tweed na Samoni wa Vuli

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwaeleza habari za uvuvi mmoja wa Uskoti ambao huenda wavuvi wa pwani yetu wakaucheka, maana mvuvi humtupia samaki chambo kisichoweza kuliwa, naye samaki mwenyewe hana haja ya kula. Samaki huyo ni samoni, na mto ni Tweed. Mto huu huanza katika vilima vya kusini ya Uskoti, hupita Peebles, Melrose na Kelso, kisha kwa maili kadhaa huwa mpaka baina ya Uskoti na Uingereza yenyewe, na mwisho huingia baharini katika mji wa Berwick. Urefu wake wakaribia maili 100.

Wale wakaao karibu na Mlima Kenya na milima ya Aberdare wawajua trauti, samaki walioletwa katika mito ile mwanzoni mwa karne ya 20. Samoni ni jamaa yao, illa yeye ana maisha mawili. Huzaliwa katika changarawe za vijito vya juu, akakaa mtoni miaka miwili au zaidi kidogo, kisha hushuka baharini hali urefu wake haujafika shibiri. Huko kaskazini ya Atlantiki, hata pwani za Greenland, hula na kunenepa. Baada ya mwaka mmoja, au miwili, au mitatu, hurudi katika mto ule ule aliozaliwa, na akaribiapo pwani harufu ya maji yake ndiyo imwongozayo. Tangu aingiapo katika maji matamu hali tena. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini mpaka amalize kazi ya kutaga, ambayo huwa mwezi wa Novemba na Desemba.

Basi kwa nini hukishika chambo? Wataalamu hawajapatana. Wengine husema ni hasira, wengine ni mazoea ya baharini ya kurukia kila kitu kipitacho mbele ya macho. Lililo hakika ni kwamba mvuvi hawezi kumvuta kwa njaa. Hana budi kukipitisha chambo mahali samaki alipo, kwa kina kifaacho na kwa mwendo ufaao, na mambo hayo matatu yote yako mikononi mwa maji. Ajuaye kutupa mshipi vizuri sana wala hajui kuyasoma maji atarudi mikono mitupu. Na tumewaona watu wa namna hiyo si wachache.

Chambo chenyewe huitwa inzi, ingawa hakifanani na inzi yeyote aliye hai. Ni ndoana iliyofungwa nyuzi za hariri, manyoya ya ndege na nywele za wanyama. Wakati wa vuli, majani ya miti ya Uskoti yanapogeuka rangi na kupukutika, wavuvi hupenda inzi wa rangi ya machungwa, wekundu na wa manjano. Mmoja mashuhuri ni Ally's Shrimp, aliyebuniwa na Alastair Gowans, naye hufanana zaidi na kamba wa baharini. Ufito hushikwa kwa mikono miwili, na urefu wake wa kawaida ni futi 15. Kwa kuwa miti imesimama nyuma ya mvuvi, mshipi hautupwi nyuma. Huviringishwa juu ya maji mbele yake na kurushwa tena kwa namna iliyopewa jina la mto mwingine wa Uskoti, yaani Spey.

Sheria ya Tweed huruhusu kuvua samoni tangu tarehe 1 Februari hata tarehe 30 Novemba, na tangu tarehe 15 Septemba mpaka mwisho ni inzi peke yake aruhusiwaye. Siku ya Jumapili samoni havuliwi. Kwa hiyo aliyekodi sehemu ya mto kwa juma moja ana siku sita tu, na kodi ya vuli si ndogo. Amekwisha kulipa, amesafiri, naye hajui atakuta mto wa namna gani.

Maana miezi ile ni miezi ya mvua huko, kama ilivyo kwetu mvua za vuli. Mvua ikinyesha usiku vilimani, asubuhi mto waweza kuwa umepanda futi mbili tatu. Tena Tweed hupokea mito mingi, Ettrick, Gala, Leader, Teviot na mingineyo, na kila mmoja huja na rangi yake. Maji yatokayo kwenye nyika za juu, penye udongo mweusi wa majani yaliyooza, huwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa, nayo hayamzuii samaki kuona. Lakini maji yapitayo katika mashamba yaliyolimwa huleta tope, na tope ndilo liharibulo siku. Hapo Kelso, Teviot uingiapo katika Tweed, yatokea siku nyingine maji ya upande mmoja yakawa safi na ya upande wa pili mekundu kwa udongo, na mvuvi mwenye akili huvua upande ulio safi.

Maji yakiwa machache mno, samaki wengi hungoja karibu na bahari, na wale waliokwisha kupanda hujificha katika vilindi. Hapo hutumiwa inzi mdogo na uzi mwembamba, asubuhi mapema au jioni. Hatutakawia hapo.

Maji yanapoanza kupanda mambo huwa mengine. Katika nusu saa ya kwanza samaki aliyelala siku nyingi huamka, na mara nyingine hushika kwa nguvu. Baadaye maji huchafuka, majani na matawi hushuka kwa wingi, kila ukitupa ndoana yako yarudi na jani, na samaki wenyewe wamo mbioni kupanda, wala hawasimami. Ndio wakati wa kutoka mtoni, wala si kwa ajili ya uvuvi tu. Mvuvi wa Tweed huingia majini mpaka kiunoni, na maji yaliyopanda inchi sita waweza usiyahisi miguuni kwa kuwa macho yako yako kwenye mshipi. Watu wamekufa maji kwa namna hii katika mito ya Uskoti. Wenyeji huweka jiwe au kijiti penye ukingo wa maji kabla ya kuingia, na kila baada ya kitambo hugeuka kukitazama. Kikiwa kimefunikwa, hutoka, hata kama samaki anaruka mbele yao. Fimbo ya kuegemea na koti la kuelea ni vitu vya lazima, na asiyevitumia kwa kuona haya hatumsifu.

Siku inayongojwa na wote ni ile ya maji yanayoshuka. Mvua imekatika, tope limepita, na mto wapungua inchi chache kila saa, huku rangi yake ikigeuka toka kahawia nzito hata ukiweza kuona jiwe kwa kina cha futi mbili. Samaki waliopanda na gharika sasa wanapumzika. Hawalali katikati ya maji ya mbio, bali mwisho wa vilindi, nyuma na mbele ya mawe makubwa, na penye mpaka wa maji ya kasi na maji ya polepole. Asubuhi ya kwanza, maji yakiwa bado mazito, mvuvi hutumia inzi mkubwa aliyefungwa juu ya kibomba cha shaba ili azame, na mshipi uzamao. Mchana, maji yakisafika, humpunguza inzi. Kesho yake humpunguza tena. Baridi nayo huhesabiwa: maji yakishuka chini ya digrii 10 za sentigredi, samoni huwa mzito kupanda juu, na yafaa inzi apite chini, polepole, karibu na pua yake.

Mshipi hutupwa kwa mshazari kuelekea chini ya mto, na maji huubeba inzi kwa upinde mpaka ukingoni. Ikiwa maji ya katikati yana kasi, mshipi huvimba tumbo na kumburura inzi mbio mno. Hapo mvuvi huliinua tumbo lile kwa ncha ya ufito na kulirudisha upande wa juu. Kisha hupiga hatua moja au mbili kushuka, akatupa tena. Samaki ashikapo, usivute upesi. Mwache ageuke na kuukaza mshipi mwenyewe, ndipo uinue ufito.

Zamani samaki huyo angaliliwa. William Scrope, katika kitabu chake cha mwaka 1843 juu ya Tweed, alieleza hata namna watu walivyowachoma samoni kwa mkuki usiku kwa mwanga wa mienge, jambo ambalo sasa sheria yalikataza. Leo hali ni nyingine. Tangu katikati ya miaka ya 2010 samoni wa vuli wa Tweed wamepungua sana. Mwaka 2016 serikali ya Uskoti ilikataza kuwachukua samoni waliovuliwa katika maji ya pwani, na mwaka 2023 shirika la uhifadhi liitwalo IUCN liliwatia samoni wa Britania katika daraja la viumbe walio hatarini kutoweka. Bahari imebadilika, na mito hupata joto wakati wa kiangazi. Jike mmoja wa Oktoba hubeba mayai kwa maelfu, na majuma machache tu yamebaki kabla hajayataga. Kwa sababu hiyo wavuvi wengi huwarudisha mtoni samoni wao wote.

Kumrudisha kuna taratibu zake. Ndoana iwe moja, nayo isiwe na kijino. Samaki asiburutwe juu ya mawe wala kuninginizwa kwa mkia ili apigwe picha. Mikono ilowe kwanza. Ndoana itolewe samaki angali majini, kisha ashikwe kwa wepesi, kichwa kikielekea maji yatokako, mahali pa mkondo wa wastani usio na tope. Aliyetoka baharini karibuni hung'aa kama fedha na pengine ana chawa wa bahari ubavuni. Dume aliyekaa mtoni huwa mwekundu na taya lake limejipinda. Wote wawili hutendewa sawa. Huenda akahitaji dakika kadhaa kabla ya kupata nguvu, na mvuvi asichoke kumshika mpaka mkia upige wenyewe.