Simu ya Mbunge na Siri ya Mwananchi

Ukipita asubuhi penye ofisi ya mbunge huku Juja, si mbali na barabara kuu ya Thika ambayo magari yake hayalali, aghalabu utawakuta watu wameketi benchini, huyu na fomu ya basari iliyokwisha kupigwa muhuri na chifu, yule na barua ya shamba iliyochakaa mikunjo. Na huenda miongoni mwao yumo mmoja asiyeshika karatasi yoyote, angojaye wenziwe waishe ili apate kusema kwa sauti ya chini kwamba kokoto zilizolipiwa kwa ajili ya njia ya mtaani kwao hazikufika, naye anajua zilikomwagwa. Mtu huyo, ambaye pengine ni karani au dereva katika kazi iyo hiyo, ndiye nimfikiriaye kila nisikiapo watu wakibishana juu ya kinga ya Bunge.

Wengi hudhani kinga hiyo ni joho la fahari wavaalo wakubwa ili wasiguswe, na wako wabunge waliowapa sababu ya kudhani hivyo. Walakini Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 117, inalinda uhuru wa kusema na kujadiliana Bungeni, wala hailindi hongo. Na mwaka uo huo Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba wabunge walioshtakiwa kwa kudai marupurupu ya uongo hawana kinga ya kujifichia.

Sababu ya uhuru huo twaijua. Mnamo Oktoba 1975, mwaka ambao mbunge J. M. Kariuki aliuawa, mbunge mwenzake Martin Shikuku alisema Bungeni kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney, aliyekuwa kitini, akaamua kwamba lililo wazi halihitaji ushahidi. Hazikupita siku nyingi, polisi wakawakamata wote wawili katika majengo ya Bunge, nao wakakaa kizuizini bila ya kesi hadi Desemba 1978.

Polisi wale angalau walionekana wakija. Mpelelezi anasaye simu habishi hodi, na hapo ndipo penye ugumu wote. Polisi wa Australia walipopekua ofisi za seneta Stephen Conroy mwaka 2016, yeye aliwahi kudai kinga papo hapo, nyaraka zikatiwa lakiri, zikawekwa kwa Katibu wa Seneti, na mwaka uliofuata Seneti ikaamua zisitumiwe. Lakini asiyejua kwamba anasikilizwa atadai kinga gani, na kwa nani?

Sisemi wapelelezi wazibwe masikio. Mwaka 2015 sauti zilizorekodiwa kwa siri ziliitikisa Kamati ya Hesabu za Umma ya Bunge letu kwa tuhuma za hongo, na mla rushwa, kama ajuavyo kila mtu, hatoi risiti. Sheria ya ujasusi tayari inataka kibali cha Mahakama Kuu kabla ya kuingilia faragha ya mtu. Kasoro ni kwamba jaji anayetoa kibali hicho, madhali ombi ni la siri, husikia upande mmoja tu. Katika jimbo la Queensland yuko mwanasheria maalumu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya jaji na kulihoji ombi la mpelelezi kwa niaba ya umma. Nasi tukiwa na mtu wa namna hiyo, ikaongezwa sharti kwamba mazungumzo ya mbunge na wapigakura wake yatengwe na kutiwa lakiri kabla ya mpelelezi wa kesi kuyasikia, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi isingepoteza kitu ila uvivu.

Basi, wewe mkazi wa Juja, wagombea watakapokuja kukuomba kura mwaka 2027, waulize kama wako tayari kuitunga sheria hiyo, na uwaulize kwa ajili ya yule wa benchini asiye na karatasi.