Neno refu lisiloeleweka ni debe tupu

Miongoni mwa michezo ambayo walimu wa Kiingereza huitumia kuchangamsha darasa, upo ule wa kusaka maneno marefu yenye herufi maalumu. Mwalimu huandika ubaoni herufi tatu, tuseme C, H na P, kisha huwataka wanafunzi watafute neno refu lenye herufi hizo zote. Mmoja atataja "champion", lenye herufi 8. Mwingine atampiku kwa "photographic", lenye 12. Yule atakayezuka na "autobiographical", lenye 16, bila shaka atapigiwa makofi.

Swali langu leo ni hili: makofi yakisha kunyamaza, mwanafunzi huyo atakuwa amejifunza nini?

Nauliza hivyo kwa sababu kusaka kwenyewe si kazi ngumu tena. Zamani msakaji alilazimika kupekua kamusi ukurasa baada ya ukurasa, na aghalabu alikutana njiani na maneno mengine yaliyomfaa. Siku hizi mwenye simu au kompyuta huingiza herufi azitakazo, na kufumba na kufumbua huletewa orodha ndefu. Hatari ni kwamba mwanafunzi ataikariri orodha hiyo kama kasuku, kisha ayapachike maneno hayo katika insha, akidhani kuwa urefu wa neno ndio ukomavu wa lugha. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Hebu tuangalie mfano mmoja. Mwaka 1935, Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo cha Marekani, alibuni neno "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis". Lina herufi 45, na linataja ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la mawe. Neno hili liliundwa makusudi ili liwe refu kupita mengine. Hakuna daktari anayelihitaji ili kumtibu mgonjwa.

Mfano wa pili ni wa Nigel Richards, bingwa wa mchezo wa Scrabble kutoka New Zealand. Mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa mchezo huo kwa Kifaransa, ilhali hakuweza kuzungumza lugha hiyo. Alikuwa ameyahifadhi maneno yake kichwani. Ushindi huo ni wa kustaajabisha, na mimi ni wa kwanza kumvulia kofia. Hata hivyo, mwanafunzi wetu hafunzwi Kiingereza ili apange vibao mezani. Anafunzwa ili asome, aelewe, ajieleze na ajibu maswali ya mtihani.

Je, mchezo huu basi utupwe? La hasha! Dawa ni kuuendeleza hatua moja zaidi: anayelileta neno alipasue mbele ya wenzake. Tulirudie lile "autobiographical". Ndani yake mna "auto", yaani mwenyewe, "bio", maisha, na "graph", kuandika, yote kutoka Kigiriki. Mwanafunzi akilipasua hivyo, hatapata neno moja tu, bali ukoo mzima: "biography", ambayo kwetu ni wasifu, na "autobiography", ambayo kwetu ni tawasifu. Atakapokutana na "geography", atatambua kuwa anazijua baadhi ya sehemu zake.

Hata lile "antidisestablishmentarianism", lenye herufi 28, halitishi likipasuliwa. Shina lake ni "establish", yaani kuweka rasmi. Vipande vilivyotangulia na vilivyofuata vinaligeuza liwe msimamo wa kupinga Kanisa la Uingereza kuondolewa hadhi ya kuwa kanisa rasmi la dola, hoja iliyozua mjadala mkali nchini humo katika karne ya 19. Kumbe ndani ya neno moja mna somo la historia!

Isitoshe, kazi hiyo si ngeni kwa mtoto azungumzaye Kiswahili. Anapotamka "kisichopikika", huwa ameubeba mzizi "pik", akautanguliza "ki", "si" na "cho", kisha akaumalizia kwa "ik" na "a". Neno hilo lina herufi 13, wala halimkwazi, kwa maana anakijua kila kipande na kazi yake. Mwalimu wa Kiingereza angeanzia hapo, angewakuta wanafunzi wake wamekwisha kupiga hatua ambayo wenyewe hawajaitambua. Naye mwalimu wa Kiswahili angepata fursa ya kufundisha viambishi bila kuwachosha wanafunzi.

Kwa hiyo napendekeza kanuni moja nyepesi. Neno lolote litakalotajwa darasani lisipate alama mpaka aliyelitaja aeleze maana yake, alipasue, na alitumie katika sentensi yake mwenyewe. Neno la herufi 8 linaloeleweka na lishinde la herufi 45 lililokaririwa.

Kabla ya kuweka kalamu chini, nawaachia walimu na wanafunzi zoezi. Neno "education" lina irabu zote tano, kila moja mara moja tu. Tafuteni neno la Kiswahili lenye irabu zote tano, hata kama nyingine zimejirudia. Mimi nimelipata moja, nalo ndilo sifa ninayoutakia mchezo huu: unaoelimisha.