Baga Isiyo na Nyama Humpima Mpishi

Mtu asiyekula nyama aingiapo mkahawani pamoja na wenziwe, mara nyingi hujikuta katika unyonge. Wenzake huchagua wakitakacho. Yeye huchagua kilichosalia: viazi vya kukaanga, kachumbari, pengine mkate mtupu. Hakunyimwa chakula, lakini amekosa raha ya kula kile kinacholiwa na wote. Ndiyo maana katika miji mingi ya Uingereza, Marekani na India wako wasiokula nyama ambao huona fahari kuonja baga za mboga. Wafikapo mkahawa mpya huagiza hiyo kwanza, kisha huilinganisha na ile waliyoila kwingine.

Baga ya kawaida ni nyama ya kusaga iliyofinyangwa bapa, ikachomwa au kukaangwa, na kutiwa katikati ya mkate laini wa mviringo. Katika baga ya mboga, mahali pa nyama hushikwa na maharagwe, dengu, soya, uyoga, viazi au nafaka. Jina ni moja, lakini mikono ya wapishi ni mingi, na hapo ndipo ilipo ladha ya kuzijaribu.

Chakula hiki kina historia. Mwaka 1982, Gregory Sams aliuza mjini London unga mkavu wa pakiti alioupa jina la VegeBurger. Mpishi aliongeza maji, akafinyanga na kukaanga. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1980, Paul Wenner, mwenye mkahawa katika mji wa Gresham, jimbo la Oregon nchini Marekani, alichanganya wali na mboga zilizobaki jikoni, akapata baga iliyokuja kuitwa Gardenburger. Hivyo makombo ya jikoni yakazaa biashara. Huko India, kampuni ya McDonald's ilipofungua milango yake mwaka 1996, haikuuza nyama ya ng'ombe. Baga yake ya viazi na njegere, yenye viungo vya nchi ile, imependwa hata na wale wasio na mwiko wa nyama.

Mwaka 2016 lilizuka jambo jipya. Kampuni ya Impossible Foods, iliyoanzishwa na mwanasayansi Patrick Brown, ilipeleka baga yake katika mkahawa mmoja wa New York. Baga hiyo ilitengenezwa kwa mimea, lakini ilitiwa kemikali iitwayo himu, ile ile iipayo damu wekundu wake, ili ifanane na nyama kwa rangi na ladha. Tangu hapo waonjaji wamegawanyika. Wako wafurahiao mfano huo wa nyama, hasa waliokuwa wakila nyama zamani. Wengine huuliza: aliyeiacha nyama kwa hiari yake, mfano wake wa nini? Hao hupenda baga ionyeshayo wazi kwamba ni dengu au uyoga.

Pande zote mbili zina haki, lakini kipimo ni kimoja: je, mpishi amemjali mgeni wake? Baga mbaya hutambulikana upesi. Ni laini kama uji, haina chumvi wala kiungo, nayo humwagika pembeni mwa mkate kwa tonge la kwanza. Baga njema ina ganda lililokauka vizuri, ndani ina unyevu, na hushikamana hadi mwisho.

Mwonjaji mwerevu huuliza kabla ya kuagiza. Je, imefungwa kwa yai? Je, inachomwa juu ya bamba lile lile la nyama? Kwa mtu mwenye mwiko wa dini au wa dhamiri, mafuta ya nyama yaliyobaki kwenye bamba yaweza kumharibia chakula chote. Tena asidhani kwamba kila kisicho na nyama ni afya tupu: baga nyingine za kiwandani zina chumvi nyingi, na za kukaangwa hunywa mafuta.

Mama au baba wa nyumba aweza kuijaribu jikoni kwake. Maharagwe yaliyochemshwa yachujwe maji na kuachwa yakauke. Yapondwe, lakini yasigeuke uji. Yaongezwe kitunguu kilichokaangwa, kitunguu saumu, pilipili, chumvi kidogo, na chenga za mkate au kiazi kilichopondwa ili kushikanisha. Mchanganyiko upumzishwe mahali pa baridi, ufinyangwe bapa, kisha ukaangwe katika mafuta machache yenye moto. Usigeuzwe kabla upande wa chini haujashika rangi, la sivyo utavunjika.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Asiyekula nyama aliwalazimisha wapishi kuyatazama upya maharagwe na dengu, wakavumbua chakula kiliwacho hata na wala nyama. Katika nyumba ambamo nyama ni ya mwisho wa mwezi, ujuzi huo ni faida: watoto watapata chakula cha kujenga mwili kwa bei ya kunde, na mgeni mwenye mwiko hataachiwa mkate mtupu.