Ukisikia mgombea akisema "nitapunguza ushuru wa kaunti"

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, chukua chai. Sheria za hapa mnazijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukiliandika kwa majibu nitakupita tu kama matatu iliyojaa.

Wiki hii nimesikia ahadi moja mara nne. Mara mbili redioni, mara mbili mazishini (siku hizi marehemu anazikwa katikati ya kampeni). Ahadi yenyewe ni hii: "Mkinichagua kuwa gavana, nitapunguza ushuru wa kaunti, mfanyabiashara apumue." Watu wanapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Niseme wazi nasimama wapi. Kwa mambo ya pesa ya umma mimi ni mhafidhina. Naamini serikali ichukue kidogo, itumie kwa uangalifu, ilipe madeni yake, na iache mtu na familia yake wajipange. Hapa Kenya hatupigi kura kwa misingi hiyo, tunajua tunavyopiga. Lakini hoja zenyewe ziko kwa kila mdahalo: ushuru ni mwingi, leseni ni nyingi, wafanyakazi wa kaunti ni wengi, baa zimejaa karibu na shule, na shamba la babu linatozwa ada ambazo babu hakuzijua. Kwa hivyo ahadi ya kupunguza ushuru inanigusa moja kwa moja. Niliipigia kura 2017. Nikaipigia tena 2022, kutoka kwa mtu mwingine. Leseni ya kibanda cha dada yangu haijawahi kushuka hata shilingi kumi.

Nilikuwa nadhani ni uongo tu. Baadaye nikaketi na Katiba nikaona kuna kitu sikuwa nimeelewa.

Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayoweza kutozwa, kuondolewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Soma tena. Gavana hawezi kuamka asubuhi akapunguza leseni yako, hata akitaka kwa roho safi. Viwango vya leseni, maegesho, ushuru wa soko na ada nyingine za kaunti huingia kwenye Mswada wa Fedha wa kaunti. Mswada huo unapelekwa kwa bunge la kaunti. Na bunge la kaunti ni nani? Ni MCA wako. Yule ambaye kwa mabango picha yake ni ndogo, iko chini ya kiatu cha gavana.

Kenya ina wadi 1,450. Watu wengi ninaoongea nao wanajua jina la gavana wa kaunti ambayo hawaishi, lakini MCA wao wanamjua kwa sura tu, tena kwa sababu alileta hema msibani. Sasa huyo wa hema ndiye aliyeinua mkono dada yangu akaongezewa ada.

Mwaka jana niliamua kwenda kwa kikao cha maoni kuhusu huo mswada. Katiba inataka wananchi washirikishwe, na kaunti yetu ilitoa tangazo. Lilikuwa limebandikwa kwa ukuta wa ofisi ya wadi siku nne kabla. Kikao kilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Jumanne kwetu ni siku ya soko! Ukimwambia mama mboga afunge kibanda Jumanne saa nne ili aende kujadili ushuru wa kibanda, ni kama kumwambia achome nyanya zake.

Tulikuwa watu kama ishirini, na nusu yao walikuwa na vitambulisho vya kaunti shingoni. Jedwali la ada lilikuwa kurasa nyingi, kwa Kiingereza, na nakala zilikuwa tatu. Nilisimama nikaongea kwa uchungu kuhusu vibanda. Nilipigiwa makofi. Baada yangu akasimama mwakilishi wa wenye baa, akatoa barua iliyopigwa chapa, ukurasa mmoja na nusu: ada ipi, ni kiasi gani sasa, mswada unapendekeza kiasi gani, wao wanaomba kiasi gani, na kwa nini. Karani akaipokea, akaipiga muhuri. Maneno yangu mimi sijui aliyaandika wapi.

Mswada ulipopita, ada ya baa ilibaki pale pale. Ya vibanda ikapanda. Sisemi kuna mtu alihongwa, sina ushahidi na sitaki kesi. Nasema wao walileta karatasi, mimi nilileta hasira.

Sasa twende kwa pesa zenyewe, kwa sababu hapa ndipo hata sisi wahafidhina tunajichanganya.

Mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti zote 47 ziligawiwa takriban shilingi bilioni 385 kutoka kwa mapato ya kitaifa. Zenyewe, kwa leseni na maegesho na ada za ardhi na hospitali na kila kitu, zilikusanya chini ya bilioni 60. Maana yake, ushuru unaokuuma sokoni ni sehemu ndogo ya bajeti ya kaunti. Sehemu kubwa inatoka Nairobi.

Hoja ya kihafidhina hapo ni hii, na mimi naikubali: kiongozi ambaye pesa zake hazitoki mfukoni mwako hakuogopi. Anaangalia juu, Hazina, haangalii chini, kwako. Lakini kuna upande wa pili ambao wenzangu hawapendi kusikia. Hizo bilioni 385 pia ni zako. Ulizilipa ukinunua sabuni, mafuta, kadi ya simu. Kwa hivyo mtu akikuambia ameshusha leseni kwa shilingi mia tano na hapo hapo ameajiri washauri kumi na wawili, hajakupunguzia chochote. Amehamisha tu mfuko anaoingiza mkono.

Ndiyo maana nikisikia "nitapunguza ushuru" sasa nauliza: utapunguza matumizi gani? Hapo midomo inakauka. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi zimevuka hiyo ya mishahara, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinalisema kila mwaka bila kuficha. Mgombea anayeahidi ushuru mdogo na kazi kwa vijana elfu tatu ndani ya kaunti, kwa hotuba moja, anakuahidi vitu viwili ambavyo haviwezi kulala kitanda kimoja.

Pengo likitokea, linajazwa na nani? Hapa niongee kuhusu shemeji yangu.

Shemeji ni seremala. Mwezi Machi 2022, miezi mitano kabla ya uchaguzi, alipata tenda ya meza na viti vya chekechea kwa kaunti moja, siitaji. Chekechea ni jukumu la kaunti kikatiba, kwa hivyo kazi ilikuwa halali kabisa. Alichukua mkopo wa benki akaweka pikapu dhamana. Akapeleka meza, zikapokelewa, akasainiwa. Watoto wanazikalia hadi leo. Kisha uchaguzi ukafika, gavana akabadilika, na mpya akaunda kamati ya kuhakiki madeni. Sawa, kuhakiki si kosa. Kuna madeni hewa mengi na mhafidhina yeyote angetaka yachunguzwe. Lakini kamati ilikaa mwaka mzima. Ikaondoka, ikaja nyingine. Shemeji amepeleka nakala za stakabadhi mara tano. Pikapu iliuzwa na benki 2024. Wafanyakazi wake wawili aliwaambia waende nyumbani.

Na si yeye peke yake. Kufikia mwisho wa Juni 2023, bili ambazo kaunti hazijalipa zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 160. Hiyo ni kodi ambayo haiko kwa mswada wowote. Serikali imekopa kwa seremala bila riba na bila kumwuliza. Nikisikia mtu wa upande wangu anasifu gavana kwa "kutopandisha ushuru" wakati kaunti yake ina madeni ya namna hii, nashangaa anahesabu nini.

Baa nazo. Wazazi wengi wa mrengo wangu wanalia kuhusu pombe, na wana haki. Sheria ya vileo ya 2010 inasema baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto, msingi au sekondari. Kutoa leseni za vileo ni kazi ya kaunti. Lakini angalia mtego: leseni hizo hizo zinaingiza pesa. Kaunti yenye njaa ya mapato, ambayo haitaki kugusa mishahara, itaona kila baa mpya kama risiti. Huwezi kumwambia gavana asiongeze ada yoyote, asipunguze mfanyakazi yeyote, halafu ushangae baa imefunguliwa mkabala na shule ya wasichana. Pima mita zako, piga picha, peleka malalamiko kwa maandishi kwa kamati ya leseni kabla leseni haijatolewa upya. Baa iliyo karibu na shule tunayosomesha watoto wetu iko hatua 140 kutoka langoni. Nimezihesabu mwenyewe, na hatua yangu haifiki mita moja.

Kuna mtu ameshaniuliza huku chini: "Kwani wewe unapinga ugatuzi?" Hapana bana. Mhafidhina wa kweli anapaswa kuupenda kuliko wengine wote, kwa sababu unaleta uamuzi karibu na nyumbani. Wazee wetu wanakumbuka mabaraza ya kaunti ya zamani yakiendesha shule za msingi, zahanati na barabara. Sheria ya 1969 ikayanyang'anya mengi ya hayo, yakarudishwa serikali kuu kuanzia 1970, na baadhi ya sababu ilikuwa kwamba mabaraza yalishindwa kukusanya na kulipa. Tulisubiri hadi Katiba ya 2010 na uchaguzi wa 2013 kupata tena serikali za mashinani zenye meno. Anayetaka kuua ugatuzi hahitaji kubadilisha Katiba. Anahitaji tu kaunti zisilipe watu kwa muda wa kutosha hadi wananchi wenyewe waseme afadhali Nairobi.

Ahadi za shule za sekondari na polisi sizigusi leo, hizo si kazi za kaunti, mgombea ugavana akiziahidi ujue hajasoma Jedwali la Nne. Basari ni kesi ya peke yake, mnakumbuka vuta nikuvute ya mwanzoni mwa 2025 hadi mahakamani. Nitaiandikia uzi wake.

Uchaguzi ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Lakini Mswada wa Fedha hausubiri tarehe hiyo. Makadirio ya bajeti hufika kwa bunge la kaunti kufikia mwisho wa Aprili, bajeti inapitishwa kufikia mwisho wa Juni, na Mswada wa Fedha hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi. Sisi tunaokasirika zaidi kuhusu ushuru tunaonekana mara moja kwa miaka mitano. Wenye baa wanaonekana kila mwaka.

Jumamosi iliyopita mazishini nilimpata mmoja wa wanaotaka kuwa MCA wetu. Tuko na saba. Nilimwuliza mambo mawili: mara ya mwisho alisoma Mswada wa Fedha wa kaunti ni lini, na akiingia, madeni ya watu kama shemeji yatalipwa kwa utaratibu gani, la zamani kwanza au la rafiki kwanza? Akacheka, akaniita mwalimu (mimi si mwalimu), akasema hayo ni mambo ya gavana. Shemeji alikuwa amesimama hapo kando na sahani ya wali. Akamwambia, "Mheshimiwa, gavana hawezi kutumia hata shilingi ambayo ninyi hamjapitisha." Jamaa akaomba namba yake ya simu. Hajapiga.

Mwaka huu tumeanza mapema. Dada yangu na wanawake wanane wa soko wameandika ada zao zote kwa daftari moja: wanalipa nini, wanapewa risiti gani, na choo cha soko kilifungwa lini. Binti wa mmoja wao atatupigia chapa. Ukurasa mmoja na nusu.

Tangazo la kikao cha maoni likibandikwa kwa wadi yenu, lipige picha uliweke hapa chini, na uandike siku ya soko la kwenu ni gani. Nataka tuone ni wadi ngapi zinagongana.