Kitanda Hakizai Haramu, Talaka Je?

Wiki hii nina kisa cha hapa kwetu Rungwa. Jirani yangu, jina nalihifadhi, alioa binti mwenye mtoto mchanga. Mwenye mimba alishaingia mitini. Jamaa akalea miaka sita: kliniki yeye, sare za shule yeye.

Mwaka jana wakaachana. Mama kapanda basi la Mbeya na mtoto, baba kabaki na madaftari tu. Washikaji wanamcheka: "Si damu yako bwana, achana naye!"

Mimi nikapekua sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanaume akimpokea mtoto asiye wake kama mmoja wa familia, ana wajibu wa kumtunza pale wazazi wenyewe wanaposhindwa. Mama akimchukua, wajibu unakoma. Na haki ya kumwona haiji yenyewe.

Ila mlango haujafungwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mlezi kuomba mahakamani akae na mtoto, au walau amtembelee. Kazi ni kuonyesha kwamba kweli alikuwa mlezi, kwa risiti, kadi ya kliniki, hata walimu. Hakimu anatazama maslahi ya mtoto, siyo hasira za wakubwa.

Vijana mnaooa wenye watoto, sikieni: anayetaka ubaba kamili aombe kuasili Mahakama Kuu mapema, ndoa ikiwa bado tamu.

Jirani kashakata tiketi ya Itigi, anakwenda ustawi wa jamii. Wewe ungemcheka?